Kwanini Bolt imetokea Estonia, kanchi kadogo vile?

Ukiita Bolt hapo Mwenge au Nairobi, app unayofungua imezaliwa Tallinn, Estonia, nchi yenye watu milioni 1.3 hivi, Dar peke yake inawazidi karibu mara nne.

Mi miaka yote nilikuwa najibu kwa kujiamini kabisa: serikali yao ilijaza kompyuta mashuleni, watoto wakakua wanajua kuandika code za kompyuta, basi. Mradi upo kweli, unaitwa Tiigrihüpe, mruko wa simbamarara, ulitangazwa 1996. Ila piga hesabu ya umri. Kampuni iliyowasha moto kule ni Skype, ile ya kupiga simu kwa intaneti, 2003, na code yake waliiandika kina Ahti Heinla, Priit Kasesalu na Jaan Tallinn. Heinla na Tallinn wamezaliwa 1972, kwahiyo huo mradi unatangazwa wao wana miaka 24 huko, na 1993 walishatoa gemu lao la SkyRoads! Simbamarara aliwakuta mafundi tayari. Nilikuwa nimekosea vibaya.

Sasa fikiria gereji. Kijana anaanza kwa kushika spana, anaosha plagi, anatumwa spea, baada ya miaka kadhaa injini anaijua, lakini kikubwa zaidi anajua mteja msumbufu anatulizwaje, spea za mkopo zinapatikana kwa nani, bei inapangwaje. Siku akiondoka anafungua yake mtaa wa pili na anachukua wawili watatu aliokuwa nao. Kuandika code unaweza kujifundisha chumbani, ila kuendesha kitu kinachotumiwa na mamilioni ya watu unajifunzia ndani ya gereji kama hiyo tu, na Skype ndo ilikuwa gereji.

Taavet Hinrikus, mfanyakazi wa kwanza wa Skype, alikuwa anaishi London analipwa kwa euro, rafiki yake Kristo Käärmann analipwa kwa pauni ila ana mkopo wa nyumba Estonia wa kulipa kwa euro, wakawa wanabadilishana wenyewe kukwepa makato ya benki. Hiyo ndo Wise, kampuni ya kutuma hela nje ya nchi, 2011. Bolt ilianza 2013 na Markus Villig akiwa na miaka 19, na Skype hakuwahi kufanya kazi, ila kaka yake Martin alipita huko.

Usinielewe vibaya, hela nayo ilichangia. eBay waliinunua Skype 2005 kwa dola bilioni 2.6, na wale mainjinia wakawekeza mgao wao kwenye kampuni nyingine, kwahiyo kusema ujuzi ulibeba asilimia ngapi na pesa ngapi ni kubahatisha. Na wale watoto wa mashuleni nao walikuja kuajiriwa humohumo, siwafuti.

Heinla sasa? 2014 alianzisha Starship, vigari vya roboti vyenye matairi sita, vinapita pembeni ya barabara vyenyewe vinapelekea watu msosi.