Ndugu Wright na Fumbo la Kukata Kona Angani

Wiki hii nimeshinda hangani nikipima mkazo wa nyaya za usukani kwenye ndege ndogo ya injini moja. Ni kazi ya subira. Unafungua kifuniko, unabana kipimo kwenye waya, unasoma, unakaza au kulegeza kidogo, kisha unaingia kwa rubani kuhakikisha kwamba ukizungusha usukani kulia, eleroni ya kulia (ile sehemu inayopinda nyuma ya ncha ya bawa) inapanda na ya kushoto inashuka. Kijana aliye mafunzoni kwetu akaniuliza, "Fundi, hivi nani aliwaza kwanza kwamba bawa moja lifanye kinyume cha lingine?"

Swali lake lilinifurahisha, kwa sababu watu wengi wakisikia historia ya ndege huuliza habari za injini, na injini haikuwa fumbo kubwa. Mtazame Samuel Langley, mwanasayansi mwenye cheo Washington, aliyepewa dola 50,000 na Wizara ya Vita ya Marekani. Mwaka 1903 alikuwa na injini ya nguvu za farasi 52, ya ajabu kwa zama zile. Ndege yake ilirushwa mara mbili, 7 Oktoba na 8 Desemba, na mara zote mbili ikatumbukia katika mto Potomac. Siku tisa baada ya mara ya pili, Wilbur na Orville Wright, wauza baiskeli wa Dayton, Ohio, waliruka kwa injini ya nguvu za farasi 12 hivi.

Wao walianza na swali jingine kabisa: ukishakuwa angani, utaiongozaje? Mjerumani Otto Lilienthal alikwisha kupaa mara zipatazo 2,000 kwa mabawa yasiyo na injini, akijiweka sawa kwa kurusha miguu na kiwiliwili huku na huku. Agosti 1896 upepo ulimzidi nguvu, akaanguka, akafa kesho yake. Wengi waliomfuata walitaka ndege itulie yenyewe, kama mashua pana. Ndugu Wright walijua baiskeli, na baiskeli haitulii yenyewe. Mwendeshaji ndiye anayeituliza kila nukta, na akitaka kukata kona huilaza upande wa kona. Naamini hapo ndipo walipowapita wenzao wote.

Mwaka 1899 Wilbur alikuwa dukani ameshika kasha refu la karatasi ngumu la tyubu ya baiskeli, akilisokota bila kuwaza huku akiongea na mteja. Akaona ncha moja inainama chini na nyingine inaelekea juu, na kasha halivunjiki. Mabawa mawili yaliyopangwa juu na chini na kufungwa kwa nyaya yangeweza kusokotwa vivyo hivyo: upande mmoja unainuliwa zaidi na hewa, mwingine kidogo, ndege inalala. Haki isemwe: Mwingereza Boulton alikuwa na hataza ya eleroni tangu 1868, ila wazo lake lilisahaulika kabla halijaruka.

Glaida yao (ndege isiyo na injini) ya 1901, waliyoijaribu kwenye vilima vya mchanga karibu na Kitty Hawk, North Carolina, iliwavunja moyo. Nguvu ya kuinua ilikuwa kama theluthi moja tu ya walivyopiga hesabu. Wakarudi Dayton, wakatengeneza kasha la mbao la urefu wa mita 1.8 lenye feni mwisho mmoja, wakapimia humo maumbo ya mabawa yapatayo 200, kwa mizani waliyoiunda kwa spoki za baiskeli na vipande vya msumeno wa chuma. Wakagundua kwamba kizidisho cha shinikizo la hewa (namba ya kukokotolea nguvu ya kuinua), kilichokuwa kikitumiwa tangu karne ya 18, kilikuwa kikubwa kupita kiasi kwa karibu nusu. Waligundua pia kwamba bawa refu na jembamba hubeba vizuri kuliko fupi na pana.

Glaida ya 1902 ikabeba kama hesabu ilivyotaka. Lakini ikaleta jambo ambalo kila fundi wa nyaya anapaswa kulielewa. Bawa ukilisokota ili liinuke, hewa hulibeba zaidi lakini pia hulikokota nyuma zaidi. Kwa hiyo unapotaka kwenda kushoto, bawa la kulia linapanda kama ulivyotaka, lakini linabaki nyuma na kuvuta pua ya ndege kulia. Waliweka mapezi mawili ya wima nyuma, yasiyosogea, wakidhani yatazuia. Mara nyingine yakazidisha: ndege ikateleza kuelekea bawa lililo chini, hewa ikayapiga mapezi ubavuni, ikazunguka hadi ncha ya bawa ikatoboa mchanga. Wenyewe waliita kuchimba kisima.

Usiku mmoja wa Oktoba 1902 Orville alikosa usingizi, akawaza: mapezi yasogezwe. Wilbur akaongeza kwamba waya zake ziunganishwe na zile za kusokota mabawa, ili rubani, aliyelala kifudifudi na kuongoza kwa nyonga, asibebeshwe kazi moja zaidi. Wakawa na eleveta ya kupandisha na kushusha pua, mabawa ya kulaza ndege, na usukani wa mkia wa kunyoosha mwelekeo. Sehemu hizo tatu ndizo ninazozikagua hadi leo.

Injini ilijengwa kwa majuma sita na Charlie Taylor, fundi wa duka lao, kwa mwili wa alumini na bila hata kabureta ya maana. Marekani huwaadhimisha mafundi wa ndege siku aliyozaliwa, 24 Mei. Tarehe 17 Desemba 1903 waliruka mara nne. Ya kwanza sekunde 12 na mita 36 hivi, ya nne sekunde 59 na mita 260. Oktoba 1905 Wilbur alizunguka juu ya malisho karibu na Dayton kwa dakika 39, kilomita 39.

Agosti 1908, karibu na Le Mans, Wafaransa waliozoea kugeuza ndege kwa usukani wa mkia tu, polepole na mabawa yakiwa bapa, walimwona Wilbur akiilaza na kukata kona. Hakuruka hata dakika mbili, lakini mjadala wa nani anajua kuruka ulikwisha siku ile.

Baada ya maelezo hayo nilimwinamisha kijana chini ya sakafu ya ndege, nikamwonyesha springi inayounganisha nyaya za eleroni na za usukani wa mkia. Nikamwambia aingie ndani, asiguse pedali za usukani wa mkia, azungushe usukani wa mkono kushoto taratibu. Akatazama miguuni. Pedali ya kushoto ilikuwa imesogea yenyewe.