Je, wajua kwa nini Netflix na wenzake wanamwaga mabilioni kununua mechi, na kwa nini kibanda cha mpira cha Kisenyi, Kampala, bado kina dishi?

Jumamosi asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024, wako watu Kampala waliokunywa chai huku wakimwangalia Mike Tyson, mzee wa miaka 58, akirushiana ngumi na Jake Paul. Pambano lilikuwa Texas, ambako bado ni Ijumaa usiku. Wenye dishi hawakuliona. Lilikuwa Netflix, kampuni ya filamu za kwenye intaneti, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikisema michezo ya moja kwa moja si biashara yake. Safari hii ikatangaza kwa fahari kwamba kaya milioni 60 zilitazama. Haikutangaza kwa fahari ile ile malalamiko ya watazamaji ambao picha iliwagandia katikati ya raundi.

Kilichowabadilisha nia ni kwamba filamu inangoja na mechi haingoji. Tamthilia ya Kikorea unaweza kuiacha hadi wiki ijayo. Mechi ya jana ambayo matokeo yake umeshayasikia kwa boda aliyekubeba haina bei tena. Kwa hiyo watu wote wanalazimika kukaa mbele ya skrini kwa wakati mmoja, na hapo ndipo mwenye bia na mwenye kampuni ya simu wanapotaka tangazo lao lionekane. Halafu kuna tatizo la mteja mwepesi wa kuhama: analipia mwezi mmoja, anamaliza tamthilia yake, anajiondoa. Ligi inaanza Agosti na kwisha Mei. Shabiki wa Arsenal hajiondoi Februari, hata timu ikimtesa.

Basi wakaanza kupandishiana dau. Amazon ilichukua mechi za Alhamisi usiku za NFL, ule mpira wa Kimarekani, kuanzia 2022 kwa takriban dola bilioni 1 kwa mwaka. (Kwetu huanza kama saa tisa na robo usiku, kwa hiyo si ajabu kama hukuwahi kuziona.) YouTube ikafuata mwaka 2023 na kifurushi cha mechi za Jumapili za ligi hiyo hiyo, takriban dola bilioni 2 kwa mwaka. Apple ilinunua ligi ya soka ya Marekani, MLS, kwa miaka 10 na dola bilioni 2.5, na msimu wa kwanza haujaisha Messi akatua Miami. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo bahati kubwa kuliko zote katika biashara hii. DAZN, kampuni ya kuonyesha michezo kwa intaneti, nayo ililipa kiasi kinachokaribia dola bilioni 1 kwa Kombe la Dunia la Klabu la 2025, kisha ikaziweka mechi zote 63 bure kwenye programu yake, ili watu wajiandikishe.

Lakini si kila mwenye pesa anabaki. Amazon ilikuwa ikionyesha mechi 20 kwa msimu za Ligi Kuu ya England ndani ya Uingereza tangu 2019, na mwaka 2025 ikaondoka. Mkataba mpya wa huko, pauni bilioni 6.7 kwa misimu minne, ukabaki kwa televisheni za Sky na TNT.

Nasi Uganda tulishaona mwisho mbaya zaidi wa mchezo huu kabla striming, yaani kutazama kwa intaneti, haijafika. Mwaka 2007 iliingia GTV, kampuni ya televisheni ya kulipia, ikanunua haki za Ligi Kuu ya England kwa nchi nyingi za Afrika na kuuza madikoda kwa bei ya kuvutia. Watu wakakimbilia. Mwishoni mwa Januari 2009, msimu ukiwa katikati, GTV ikafunga ikisema msukosuko wa uchumi wa dunia umeikausha. Wateja waliamka na skrini tupu na dikoda isiyofaa kitu kingine. Anayeshinda mnada wa haki mara nyingi ni yule aliyekadiria faida kubwa kupita wenzake wote, na makadirio ya namna hiyo ndiyo rahisi kukosea.

Sasa, ikiwa matajiri wote hawa wanagombea mpira, mbona Kisenyi, au Busia wanakolala madereva wa malori, skrini bado inalishwa na dishi?

Kwanza, haki huuzwa kwa maeneo. Ligi Kuu ya England haiuzi dunia nzima kwa mtu mmoja. Afrika kusini mwa Sahara iko kwa SuperSport, yaani DStv, ambayo tangu Septemba 2025 ni mali ya Canal+ ya Ufaransa. Ndugu yako aliye Dubai hutazama mechi ile ile kwa televisheni ya beIN. Programu husoma anwani ya intaneti ya simu yako, ikijua uko nchi gani inakufungulia au inakufungia. Netflix iliweza kukuonyesha Tyson kwa sababu ilinunua pambano lile kwa dunia nzima.

Pili, namna picha inavyosafiri. Dishi hufanya kazi kama adhana kwenye kipaza sauti: inatoka mara moja, na wasikilizaji wakiwa kumi au milioni gharama ni ile ile. Striming hutuma nakala kwa kila simu peke yake, na watazamaji wakiongezeka seva zinaelemewa. Ndiyo siri ya ile picha iliyoganda usiku wa Tyson. Tena video hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na simu huhifadhi vipande kadhaa kabla ya kuonyesha, ili mtandao ukiyumba usione pengo. Matokeo yake uko nyuma ya uwanja kwa sekunde 30 hivi, wakati mwingine zaidi. Uko kitandani na simu, Saka wa Arsenal bado anaweka mpira kwenye kona, kibanda cha jirani kimeshalipuka kwa shangwe. Goli umeambiwa na ukuta. Kwa anayebeti mechi ikiendelea, sekunde hizo ni hela.

Tatu, data. Saa moja ya picha ya kawaida hula takriban GB 1, picha safi hadi GB 3, na mechi na mapumziko yake ni karibu saa mbili. Ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, iliyoanza Julai 2018, iliondolewa Julai 2021, lakini badala yake ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe. Na intaneti inaweza kuzimwa. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, ilizimwa kwa siku kadhaa, na ndani ya siku hizo Liverpool walicheza na Manchester United. Wenye dishi waliiona, ingawa walichoona ni sare ya 0–0.

Kibandani, kadi moja ya dikoda inahudumia mabenchi yote kwa kiingilio cha kama shilingi elfu moja kwa kichwa. Kisheria kadi ya nyumbani hairuhusiwi kuonyesha umma. Kuna kifurushi cha biashara, na bei yake haifanani. Haki zikizidi kugawanywa, mashindano ya klabu za Ulaya huku na ligi ya England kule, mwenye kibanda ndiye atakayeanza kuzilipia zote, na kiingilio anakipanga yeye.