Gari Liko Ndani, Lakini Linalowa

Wiki hii nimeyasikia tena, safari hii kwa mtu aliyetumia fedha nyingi kwenye spana kuliko kwenye jengo la karakana yake lenyewe: "Fundi, gari liko ndani, limefunikwa, mlango umefungwa. Kutu itoke wapi?" Tulikuwa tumesimama mbele ya Volkswagen Beetle yake. Nikafunua turubai, nikamwomba apitishe kiganja upande wa ndani, ule uliolalia bodi. Kiganja kikatoka kimelowa. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki mbili.

Kutu haingoji mvua. Inataka chuma, oksijeni na utando wa maji mwembamba kiasi kwamba jicho halioni. Mwanakemia Mwingereza W. H. J. Vernon alionyesha, katika miaka ya 1930, kwamba chuma kilichoachwa hewani hutulia mpaka unyevu wa hewa ufike kiwango fulani, kisha kutu hupanda ghafla. Kwa hewa tunayoishi nayo, yenye uchafu wake, kiwango hicho ni karibu asilimia 60 ya mvuke wote ambao hewa ya joto lile ingeweza kuubeba. Ndiyo maana mtu akiniambia paa lake halivuji, mimi humuuliza kipima unyevu chake kinasoma ngapi. Karibu wote hawanacho. Wana seti tatu za soketi, lakini hawana kifaa kinachotosha mfukoni cha kuwaambia kama gari linaliwa.

Tazama asubuhi inavyokwenda. Usiku kucha karakana imepoa, na gari ni pande zito la chuma, kwa hiyo linachelewa kupata joto. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kudondosha umande ikigusa kitu chenye nyuzi 19. Unafungua mlango saa nne, hewa ya nje yenye joto inaingia, inakuta bloku ya injini, diski za breki na jiliwa bado ni baridi. Umande unatua juu ya vyote. Saa sita umeshakauka, nawe hukuona kitu. Kesho yake ni vilevile.

Hapo ndipo wengi huwasha hita ya mafuta ya taa isiyo na bomba la kutoa moshi nje, na hapo ndipo uvumilivu wangu unakwisha. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa mvuke unaozidi kidogo lita moja ya maji. Hita ya gesi nayo ni hivyohivyo. Unahisi joto, unaamini pamekauka, kumbe umeimwagilia karakana, na mvuke ule utatua kwenye chuma mara tu utakapozima hita na kwenda kulala.

Sasa sakafu, maana maji mengine hayaji na hewa kabisa. Zege lina vitundu na hunyonya unyevu wa ardhi. Dawa yake ni karatasi nzito ya nailoni, mikroni 300, inayotandikwa kabla ya kumwaga zege, viungo vyake vikilaliana na kufungwa kwa utepe, kingo zikipandishwa mpaka zikutane na tabaka la kuzuia unyevu ukutani. Nafasi ya kuitandika ni moja tu. Na zege jipya likitimiza siku 28 usikimbilie kuingiza gari: siku hizo ni za nguvu, si za ukavu. Zege la milimita 100 huendelea kutoa maji kwa miezi.

Kwa sakafu ya zamani, chukua kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne pasibaki upenyo, ukiache saa 24. Maji yakiwa chini ya nailoni yametoka ardhini. Yakiwa juu yake yametoka hewani. Watu hupaka epoksi, ile rangi ngumu ya sakafu, bila kulifanya jaribio hili, kisha wanalaumu rangi inapovimba malengelenge. Vitabu vitakwambia kuna epoksi maalumu ya kuzuia unyevu, ukishaipaka mambo yamekwisha. Mimi nimeona sakafu zilizoikubali na nyingine zilizobambuka, na zote ziliandaliwa kwa uangalifu uleule. Nikitakiwa kuchagua kati ya kupaka na kuvunja nimwage upya, mpaka leo husita.

Mengine nayapitia haraka. Lifti ya nguzo mbili ya kuinulia gari isifungwe kabla hujasoma mtengenezaji anataka zege la unene na nguvu gani. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, weka stendi. Kompresa na mashine ya kuchomelea zipewe laini zao za umeme. Taa ziwe nyingi, nyingine chini ukutani, kwa sababu kazi yetu nusu iko magotini. Shimo la kuingilia chini ya gari mimi silichimbi: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, utashuka humo na kukungoja.

Kompresa yenyewe inarudi kwenye habari yetu. Inayovuta lita 200 kwa dakika, hewa ikiwa nyuzi 25 na unyevu asilimia 70, ikiikaza mpaka shinikizo la bar 8 na hewa ikapoa, huacha gramu 150 hivi za maji kila saa inayozunguka. Maji hayo usipoyafungulia chini ya tangi kila siku, yatapita kwenye mpira mpaka kwenye bunduki ya rangi. Chujio la maji likae mbali na kompresa, mahali ambapo hewa imeshapoa. Likifungwa pale pale kwenye tangi, hewa inalipita ikiwa bado moto, maji yakiwa bado mvuke.

Kuna makundi mawili yanayonichosha kwa kiasi kilekile: wanaosema ziba kila upenyo, na wanaosema acha wazi upepo upite. Hewa ya nje inakusaidia ikiwa imebeba maji machache kuliko ya ndani, kwa gramu, na asilimia peke yake haikwambii hilo kama joto la nje na la ndani halilingani, maana kwa asilimia ileile hewa ya moto hubeba maji mengi kuliko ya baridi. Mchana mkavu, fungua. Baada ya mvua, au asubuhi chuma kikiwa baridi, funga. Mashine ya kukausha hewa inafanya kazi chumba kikiwa kimefungwa. Dirisha likiwa wazi unakausha mtaa mzima. Iweke asilimia 50. Ukishusha mpaka 30, ngozi za viti zinapasuka, na gari lenye fremu ya mbao, kama Morgan, linaanza kulegea viungo.

Na usiniambie kwamba Land Rover ya zamani haina shida hiyo. Bodi yake ni aluminiamu, tangu zile za kwanza za 1948, lakini chesisi ni chuma. Aluminiamu ikigusana na chuma, kukawa na maji katikati, aluminiamu ndiyo inayoliwa, ikageuka unga mweupe chini ya rangi.

Turubai la plastiki ondoa. Funika kwa kitambaa kinachopitisha hewa, au usifunike.

Yule mwenye Beetle nilimpa bisibisi achokonoe chini ya mlango, kwenye mfereji unaopitisha hewa ya moto. Ilizama mpaka mpini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini halijawahi kunyeshewa, fundi. Miaka mitatu." Ninamwamini. Lifti yake bado imo kwenye kasha na nimemwomba isitoke kwanza. Juzi tulibandika nailoni sakafuni, jana asubuhi tukaibandua pamoja: chini pakavu kabisa, juu matone kama ya jasho. Kwa hiyo zege lake halivunjwi. Tunaanza na mlango, ule anaoufungua saa nne.