Miungano, pasipoti na hali ya maisha: kwa nini sijumlishi namba za nchi kwenye safu moja

Orodha mpya ya "nchi bora duniani" ikitoka, mabishano hayachelewi. Mmoja anashika pasipoti, wa pili anajibu kwa pato la taifa, wa tatu analeta majeshi na washirika wake. Namba zao zote zinaweza kuwa sahihi na bado wasielewane, kwa sababu kila mmoja anajibu swali ambalo mwenzake hakuuliza. Anayeandaa taarifa ya wizara kule Mtumba, mji wa serikali Dodoma, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayeandika tasnifu wanakwama palepale: wanataka safu moja ya mwisho yenye jumla.

Msimamo wangu ni kwamba vitu vitatu, yaani miungano, pasipoti na hali ya maisha, havibadilishani kama fedha. Kuwa chama kimoja na nchi fulani hakukufungulii mpaka wake, na mpaka kuwa wazi hakukuambii utaishije ukishavuka.

Miungano: usihesabu uanachama

Kosa la kwanza ni kuorodhesha vyama. Tanzania imo Umoja wa Mataifa, Umoja wa Afrika, Jumuiya ya Madola, Harakati za Kutofungamana na Upande Wowote, SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika) na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukiipa kila uanachama alama moja, umepima wingi wa mikutano tu. Mimi huuliza maswali manne kwa kila mkataba: umeahidi nini kwa maandishi, umeanza kutumika au umeishia kutiwa saini, nani anaamua, na mara ya mwisho ulipojaribiwa ilikuwaje.

Chukua NATO, muungano wa kijeshi wa Ulaya na Amerika Kaskazini, wenye nchi 32 tangu Sweden ijiunge Machi 2024. Wengi husema Ibara ya 5 ya mkataba wake inazilazimisha nchi zote kupeleka jeshi mmoja akishambuliwa. Hailazimishi hivyo. Inasema shambulio dhidi ya mmoja ni shambulio dhidi ya wote, kisha inaiachia kila nchi kuchukua hatua inayoona ni ya lazima. Ibara hiyo imetumika mara moja tu, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 kule Marekani. Nguvu yake haiko kwenye maneno peke yake. Iko kwenye kamandi ya pamoja, mazoezi, na vikosi ambavyo tayari vimewekwa kwenye ardhi ya wanachama wengine.

Sasa weka pembeni yake Mkataba wa Ulinzi wa Pamoja wa SADC, uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003. Maneno yake hayako mbali sana na yale: shambulio la silaha dhidi ya mwanachama ni tishio kwa ukanda mzima, na kila nchi itashiriki kwa namna inayoona inafaa. Kwenye karatasi wanakaribiana. Kwenye kamandi ya kudumu na fedha, hawakaribiani kabisa. Anayelinganisha mikataba kwa kusoma vifungu peke yake atawapa alama sawa, na hapo atakuwa amekosea vibaya.

Mfano unaofundisha zaidi ni Kongo, kwa kuwa imo SADC na pia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kikosi cha Afrika Mashariki kiliingia mashariki mwa nchi hiyo mwishoni mwa 2022, kikaondoka Desemba 2023 baada ya Kinshasa kukataa kuongeza muda. Mwezi huohuo wakaingia wa SADC, wakiwa askari wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Machi 2025 SADC nayo ikafunga ukurasa wa operesheni hiyo. Muda wote huo Kinshasa ilikuwa ikiilaumu Kigali kwa kuwasaidia waasi wa M23, Kigali ikikanusha, na zote mbili ni wanachama wa jumuiya moja yenye makao yake Arusha. Katika jedwali la uanachama, Kongo na Rwanda wangeonekana ndugu.

Kipimo kingine ninachokiamini ni kura za Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa sababu zimeandikwa na hazina adabu za kidiplomasia. Machi 2, 2022, azimio la kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine lilipata kura 141 za ndiyo, 5 za hapana, na nchi 35 hazikuegemea upande. Jumuiya ya Afrika Mashariki wakati huo ilikuwa na wanachama sita. Kenya na Rwanda walisema ndiyo. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini hawakuegemea upande. Soko la pamoja wanalo, sera ya nje ya pamoja hawana. Kura moja haitoshi, lakini: chukua maazimio kumi au zaidi ya mada tofauti ndipo useme nchi mbili zinaelekeana.

Pasipoti: soma kwanza kanuni ya kuhesabu

Fahirisi inayonukuliwa zaidi ni ya kampuni ya Henley. Inapanga pasipoti 199 kwa maeneo 227. Unapata alama moja kwa kila eneo unaloingia bila viza, au kwa viza ya kuchukua ukifika, au kwa idhini ya kusafiri ya kielektroniki. Unapata sifuri palipo na viza ya kuomba kabla, hata kama maombi yanafanyika mtandaoni.

Kanuni hiyo inazaa mambo mawili. La kwanza, kila eneo lina uzito uleule: kisiwa usichokuwa na sababu ya kwenda ni alama moja, Ujerumani nayo ni alama moja. La pili, jina la kibali linabadilisha alama. Kenya ilifuta viza Januari 2024 ikaweka idhini ya kielektroniki, na kwa wageni wengi ada ilikuwa dola 30. (Raia wa Afrika Mashariki waliachwa nje ya utaratibu huo, na mwaka 2025 ukalegezwa kwa karibu Waafrika wote.) Kwa msafiri wa mbali aliyezoea viza ya mtandaoni, bado kulikuwa na fomu, ada na kusubiri jibu. Kwa kanuni ya fahirisi, viza ya mtandaoni ni sifuri na idhini ya kielektroniki ni moja.

Pia nchi huchukuliwa kwa mafungu. Eneo la Schengen lina nchi 29 na sera moja ya viza ya muda mfupi, hivyo anayefunguliwa mlango huo anapata alama zote kwa mkupuo. Ndiyo sababu Mauritius na Ushelisheli, ambao raia wao huingia Schengen bila viza tangu 2009, wako juu sana kuliko majirani. Wote wawili ni wanachama wa SADC, kama sisi. Wangekuwa wamepata kwa ajili ya muungano, nasi tungepata. Ulaya hutazama mambo mengine: hatari ya watu kubaki baada ya muda kuisha, usalama wa hati, utalii na biashara. Jumuiya ya Madola nayo ni hivyohivyo. Mtanzania anaomba viza ya Uingereza kama kawaida, ingawa akishakuwa mkaazi halali kule anaruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi wao mkuu. Haki ya kupiga kura imefika kabla ya haki ya kutembelea, na hakuna fahirisi ya pasipoti itakayokuonyesha hilo.

Hata ndani ya jumuiya yetu uhuru haufanani. Tangu 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa vitambulisho vya taifa. Tanzania haikuingia kwenye mpango huo, kwa hiyo kadi yako ya NIDA haikutoshi kwenda Nairobi. Unahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Na ukitaka kupima utashi wa bara zima, linganisha hati mbili za Umoja wa Afrika za mwaka uleule wa 2018. Mkataba wa eneo huru la biashara ulihitaji nchi 22 kuuridhia, ukaanza kutumika Mei 2019. Itifaki ya watu kusafiri huru ilihitaji 15 tu na mpaka leo haijafika. Bidhaa zinapendwa kuliko wenye bidhaa.

Baada ya alama, mimi huongeza safu ya gharama, kwa kuwa mwenye pasipoti ndiye anayeilipa. Ya Tanzania ni shilingi 150,000. Viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi ukikataliwa, na inataka bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000. Mkaazi wa Dodoma anaongeza safari ya Dar es Salaam, kama kilometa 450, kwa sababu balozi nyingi na dawati za alama za vidole bado ziko kule. Treni ya SGR imefupisha safari tangu katikati ya 2024, ila siku ya kazi imekwenda.

Makosa yanayowagharimu watu viza huwa madogo. Schengen inataka pasipoti iwe na angalau miezi mitatu mbele baada ya tarehe ya kuondoka, na nchi nyingine nyingi zinataka sita. Kanuni ya siku 90 ndani ya 180 nayo haihesabiwi kuanzia Januari. Simama kwenye kila siku utakayokuwa kule, rudi nyuma siku 180, hesabu siku zote ulizokuwemo, ya kuingia na ya kutoka zikiwemo. Zikizidi 90 umevunja sheria, hata kama viza yenyewe haijaisha.

Hali ya maisha: hapa ndipo hesabu inapolipa

Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu ya UNDP (Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa), iliyoanza 1990, watu huinukuu bila kuifungua. Ina nguzo tatu. Umri wa kuishi hupimwa kati ya miaka 20 na 85. Elimu ni wastani wa vitu viwili: miaka ya masomo anayotarajiwa kupata mtoto anayeanza shule, ukomo 18, na miaka waliyosoma watu wa umri wa miaka 25 na zaidi, ukomo 15. Kipato ni kati ya dola 100 na 75,000 kwa mtu, kwa uwezo wa kununua, kikipimwa kwa logi, hesabu inayoipa kila dola ya ziada uzito mdogo kuliko iliyotangulia.

Tuchukue nchi ya mfano: umri 67, masomo yanayotarajiwa 9, masomo ya watu wazima 6, kipato dola 3,400. Umri unatoa (67 − 20) ÷ 65, yaani 0.723. Elimu ni wastani wa 0.5 na 0.4, yaani 0.45. Kipato ni logi ya 34 (3,400 ÷ 100) ugawanye kwa logi ya 750 (75,000 ÷ 100), unapata 0.533. Zidisha zote tatu, tafuta kipeuo cha tatu: 0.558. Imevuka kidogo tu 0.550, mpaka wa kuingia kundi la kati.

Cheza nayo kidogo. Ukiongeza kipato mara mbili hadi dola 6,800, unafika 0.592. Ukiacha kipato kilivyo na watu wazima wawe na wastani wa miaka 9 ya shule badala ya 6, unafika 0.596. Logi inabana fedha makusudi. Ila tahadhari: wastani wa watu wazima hausogei haraka, kwani mtoto anayeanza darasa la kwanza leo hataingia kwenye hesabu hiyo mpaka atimize 25. Serikali inayojisifu kwa kupanda kwa fahirisi mwaka mmoja mara nyingi inavuna iliyopandwa na watangulizi wake.

Usichanganye pia takwimu za NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na za UNDP ndani ya safu moja. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. UNDP hutumia makadirio ya Umoja wa Mataifa ili nchi zote zipimwe kwa njia moja. Zote ni halali, kila moja kwa kazi yake.

Wastani wa taifa haukuonyeshi kaya, kwa hiyo naweka na fahirisi ya umaskini wa nyanja nyingi. Ina viashiria kumi. Vinne vya afya na elimu vina uzito wa 1/6 kila kimoja, sita vya mazingira ya nyumbani 1/18 kila kimoja. Ukikosa theluthi moja au zaidi, kaya nzima ni maskini. Fikiria kaya ya Bahi inayoishi kwenye tembe la udongo, inapikia mkaa, haina umeme, choo wanashirikiana na jirani, maji ni zaidi ya nusu saa kwenda na kurudi. Vile vinne vya afya na elimu haikosi: watoto wanasoma, wanakula, hakuna kifo cha mtoto. Hiyo ni 5/18, yaani 0.278: si maskini. Kiashiria cha sita ni mali, na inatosha kuwa na vitu viwili kati ya orodha, tuseme simu na baiskeli. Wakiuza baiskeli wanafika 6/18 na kaya nzima inahesabiwa maskini. Akija mhoji wakati wa mvua, kisima salama cha karibu kikiwa na maji, wanarudi 5/18.

Orodha za miji bora, kama ya EIU (kitengo cha utafiti cha kundi la jarida la The Economist), naziweka pembeni. Zilibuniwa kusaidia mashirika kupanga posho za wafanyakazi wanaohamishiwa ugenini, na hazisemi chochote juu ya kaya ile ya Bahi.

Bosi akidai safu moja

Atadai tu. Basi mwonyeshe uzito. Nchi A ina 0.8 kwa miungano, 0.3 kwa safari, 0.5 kwa maisha. Nchi B ina 0.3, 0.9 na 0.5. Kwa uzito sawa B inashinda, 0.567 kwa 0.533. Ipe miungano nusu na nyingine robo robo, A inashinda, 0.6 kwa 0.5. Nchi hazikubadilika. Ikiwa mshindi anabadilika kwa kugusa uzito kidogo, andika kwamba hakuna mshindi, na utoe safu tatu kama zilivyo.

Halafu weka tarehe juu ya kila safu, si juu ya jedwali zima. Ripoti ya UNDP ya 2025 inatumia takwimu za 2023. Pasipoti hubadilika ndani ya mwezi mmoja: jedwali lililokamilika Desemba 2023 lilikuwa limepitwa kwenye mstari wa Kenya kabla Januari haijaisha.