Je, wajua kwa nini stempu za visiwani hupigwa chapa juu ya chapa?

Kuna stempu ndogo yenye sura ya Malkia Victoria, imeandikwa India kwa Kiingereza, na juu yake limegongwa neno "Zanzidar". Hukukosea kusoma. Ni d, si b. Wakusanyaji wa stempu huitafuta kwa udi na uvumba, na kosa hilo la herufi moja ndilo linaloipandisha bei.

Tuanze na sababu ya Unguja kutumia stempu ya India. Tangu 1875 posta ya Unguja ilikuwa tawi la posta ya India. Rupia ndiyo iliyokuwa ikizunguka mjini, kwa hiyo stempu za India zenye bei ya anna (kipande kidogo cha rupia) na rupia zilifaa bila shida. Novemba 1895 posta ya India ikajitoa, na kisiwa kikatakiwa kiendeshe posta yake chenyewe. Stempu zake ziko wapi? Hazipo. Kuzichora na kuzichapisha London, kisha kuzisubiri zije kwa meli, ni kazi ya miezi, na barua hazingoji. Wakachukua shehena ya stempu zilezile za India, wakazipeleka kwenye mtambo uliochapa Gazeti la Serikali hapohapo mjini, na juu ya kila moja likaongezwa neno Zanzibar.

Zamani zile mpangaji alipanga herufi za risasi moja moja, tena kinyumenyume, ili zikipigwa karatasini zisomeke sawa. Ukitazama b kinyume, unaona d. Mkono ukichukua kutoka kisanduku kisicho chake, neno limeharibika, na karatasi nzima za stempu hupita kabla mtu hajang'amua. Ndivyo zilivyozaliwa Zanzidar, na hata Zanibar, iliyodondosha z yake ya pili.

Chapa ya juu, basi, ni dawa ya haraka. Serikali imebadilika, au fedha imebadilika, au jina limebadilika, na mtambo wa mbali haujapata habari. Visiwa hukumbwa na hali hiyo zaidi ya bara kwa sababu stempu zake karibu zote huchapishwa ng'ambo, na mahitaji yao ni madogo mno kuwa na kiwanda chao.

Kwangu mimi, mfano mtamu kuliko yote ni Mafia. Januari 1915 Waingereza walikiteka kisiwa hicho kutoka kwa Wajerumani, wakakifanya kituo cha kuiwinda manowari Königsberg iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji. Ofisini wakakuta stempu za Afrika Mashariki ya Kijerumani: merikebu ya mfalme wa Ujerumani katikati, bei kwa heller, sarafu ndogo ya koloni hilo. Hawakuzichoma. Walizigonga muhuri wa mkono, "G.R. Mafia". Hizo G na R ni za Georgius Rex, yaani Mfalme George kwa Kilatini. Hebu zitazame kwa kioo cha kukuzia: jahazi la Kaiser linaelea bado, bendera yake haijashushwa, na jina la mfalme adui limelala juu yake. Baadaye zikaja stempu za India zilizotengenezwa kwa ajili ya majeshi yaliyotumwa vitani, zenye herufi I.E.F., nazo zikaongezewa Mafia. Kwa hiyo stempu moja inabeba India, jeshi na kisiwa kimoja kidogo cha minazi.

Unguja ilirudia mchezo huo mwaka 1964. Mapinduzi yalikuwa Januari 12. Makabati ya posta yalikuwa yamejaa stempu zenye sura ya Sultani, zikiwemo za uhuru wa Desemba 10, 1963, ambazo hazikuwa zimefikisha hata miezi miwili. Zikagongwa kwa mkono: JAMHURI 1964. Kwa kuwa ni mkono wa mtu, hakuna mbili zinazofanana kabisa. Moja imekolea wino, nyingine imefifia, nyingine imekwenda upande. Wiki chache baadaye ikaja chapa nadhifu iliyopigwa Uingereza. Nadhifu, ndiyo, lakini mimi nazipenda zile za mkono. Unaona kabisa kuwa karani alikuwa na haraka.

Si kila chapa ya juu huletwa na vita au mapinduzi. Kisiwa cha Réunion, jirani wa Morisi, ni sehemu ya Ufaransa, ila kwa miaka mingi kilitumia faranga ya CFA, ambayo moja ilikuwa sawa na faranga mbili za Paris. Stempu ya faranga 20 ukiiuza Réunion bila kuigusa, mnunuzi atalipa CFA 20 au 10? Kuondoa ubishi, kuanzia 1949 stempu za Ufaransa zilizokwenda huko zilifutwa bei yake na kugongwa bei mpya: 10F CFA. Ufaransa ilipoleta faranga mpya mwaka 1960, ile ya zamani mia moja ikawa moja, na stempu ya senti 20 za faranga mpya ikaendelea kugongwa CFA 10. Mchezo ukaisha mwisho wa 1974, kisiwa kiliporudi kwenye faranga ya kawaida. Mayotte nayo ilianza stempu zake 1997 kwa kuongeza jina MAYOTTE juu ya zile za Ufaransa, ikaziacha 2011 ilipofanywa mkoa kamili. Na kule mbali kabisa, Saint-Pierre na Miquelon karibu na Kanada, wanamaji wa Ufaransa Huru, yaani Wafaransa waliokataa kusalimu amri kwa Wajerumani, waliingia Desemba 24, 1941, na stempu zikagongwa FRANCE LIBRE F.N.F.L., kifupisho cha jina la jeshi lao la majini.

Zipo pia zinazouma. Mwaka 1965 Uingereza ilivitenga visiwa vya Chagos kutoka Morisi, na Aldabra, Farquhar na Desroches kutoka Ushelisheli, ikaunda koloni jipya la Bahari ya Hindi. Stempu za kwanza, Januari 1968, zilikuwa za Ushelisheli zilizogongwa B.I.O.T., herufi za mwanzo za jina la koloni hilo kwa Kiingereza. Jina Ushelisheli halikufutwa hata. Ile ya senti 5 ina kasuku mweusi, ndege wa Praslin ambaye hakuwahi kuishi kwenye visiwa alivyobandikwa. Na kati ya miaka ile na 1973, wenyeji wa Chagos waliondolewa wote kupisha kambi ya kijeshi ya Diego Garcia. Mwaka 2021 Umoja wa Posta Duniani ulipiga kura kutozitambua tena stempu za koloni hilo.

Sasa, ukitaka kukusanya, jihadhari. Stempu za aina hii ni rahisi mno kughushi, kwa sababu stempu yenyewe ni halali: karatasi, gundi, meno na alama ya maji, vyote vya kweli. Cha uongo ni neno tu, na neno linahitaji wino na muhuri wa mpira. G.R. Mafia za bandia zimejaa sokoni.

Chukua kioo, tazama mahali ambapo muhuri wa posta unakatana na chapa ya juu. Stempu hugongwa chapa kwanza, ndipo huuzwa, hubandikwa, na mwishoni karani hugonga tarehe. Wino wa tarehe ndio unaotakiwa kukaa juu. Ukikuta neno limepanda juu ya tarehe, mtu ameliongeza nyumbani kwake. Ikiwa stempu ingali kwenye bahasha, usiibandue kwa maji. Anwani na tarehe ya kufika ni ushahidi. Kisha isome tarehe yenyewe. Ukiuziwa Zanzidar yenye muhuri wa Bombay wa 1891, mrudishie mwenyewe.