Kabla hujatia rangi nywele nyumbani, nambie kwanza kuhusu piko

Kila msimu wa harusi huku Lamu, na Malindi vilevile, kliniki za ngozi tunapokea wasichana wamefura uso mpaka macho hayafunguki, ukimuuliza umefanya nini anakwambia nimetia rangi tu nyumbani, nilitaka nywele zikae brauni kidogo. Swali langu la pili huwa si la nywele kabisa. Namuuliza, ushawahi kuchorwa piko?

Hina ya majani rangi yake ni nyekundu ya kuelekea chungwa, na inataka muda ikolee. Ile nyeusi tii inayoshika haraka mkononi ni piko, na piko kwa kawaida ni unga wa kutia nywele rangi ambao watu wameugeuza wa kuchorea. Ndani yake mna kemikali inaitwa PPD (paraphenylenediamine), na hiyohiyo imo kwenye boksi nyingi za rangi ya nywele, hata za brauni. Ngozi ikishaikataa PPD mara moja inaikumbuka maisha. Leo ni kipele tu kwenye ua la mkono, miaka mitano baadaye unaipaka kichwa kizima na ndio hapo uso unafura. Ulaya sheria imeweka rangi ya nywele isizidi 2% ya PPD ikiwa kichwani, na kuichorea ngozi hairuhusiwi, sasa hii yetu inayokorogwa kwenye kikombe nyumbani nani ameipima?

Kwa hivyo dadangu, kama piko ilishakuwasha au kukutoa malengelenge, usijipime wala usijaribu, achana na rangi yenye PPD kabisa. Kama haijawahi kukudhuru, paka tone dogo la rangi nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko vile karatasi ya boksi inavyosema, ungoje saa 48. Sio dakika kumi, saa 48, na ufanye hivyo kila mara hata kama boksi ni ileile ya mwaka jana.

Sasa nywele zenyewe. Watu wanadhani ni kama kupaka ukuta, unachukua rangi nyeupe unafunika nyeusi. Rangi haing'arishi rangi. Nywele nyeusi lazima weusi wake utolewe kwanza, hiyo ndio kazi ya blichi na developa, ile peroksaidi inayochanganywa nayo, na unavyotoka unapitia wekundu, halafu chungwa, halafu manjano. Ndio maana ukikosea unabaki na kichwa cha rangi ya embe. Nyumbani mimi nasema tosheka na brauni, ngazi mbili tatu tu za weupe kutoka rangi uliyo nayo, na developa ya 20, yaani peroksaidi 6%. Ile ya 40 ni 12%, iache kwa fundi, inachoma ngozi.

Jaribu kwanza kwa kishungi kimoja cha nyuma. Vaa glavu, tumia bakuli la plastiki sio la bati, fungua madirisha manake unga wa blichi unaamsha pumu. Anza katikati na nchani, mizizi mwisho, kwa sababu joto la kichwa linaifanya ing'are haraka, na kwa joto letu la Kaskazi usiende kukaa juani ati ishike upesi. Angalia kila dakika tano, muda wa kwenye boksi ukiisha osha hata kama hujaridhika. Mchanganyiko uliobaki mwaga, usiufungie kwenye chupa, unaweza kupasuka.

Nywele zilizotiwa dawa majuzi zipumzishe angalau wiki mbili, na zikiwa tayari zinakatika usiziguse. Za hina pia kuwa mwangalifu sana: hina nyingine za paketi zimechanganywa chumvi za madini, na zikikutana na peroksaidi nywele zinapata moto kwelikweli, zinatoa mvuke na kukatika. Kile kishungi cha majaribio ndicho kitakwambia. Na jiki ya kufulia isikaribie kichwa, nimeona mama kamtilia mwanawe na bado linaniuma. Nyusi na kope pia hapana, rangi hizi zinaweza kupofusha.

Ikikuwasha au kukuchoma, osha saa hiyohiyo kwa maji mengi, na ikiingia jichoni suuza mfululizo dakika 15 hadi 20 huku mtu anatafuta usafiri. Ukiona midomo inafura au pumzi inabana usipake mafuta ya nazi ungoje asubuhi, kimbilia hospitali, na ukiwa Shela au Manda gonga mlango wa mwenye boti hata kama ni usiku wa manane. Na uje na lile boksi la rangi, hata kama limechanika, daktari asome kilichomo.