Midiamu ya rangi za mafuta ni nini?

Rangi ya mafuta inayotoka kwenye tyubu ni unga wa rangi uliosagwa na mafuta, mara nyingi ya mbegu za kitani. Midiamu ni kile ambacho mchoraji huongeza mwenyewe ili rangi iteleze, ing'ae au iwahi kukauka. Iliyozoeleka ni mafuta ya kitani yaliyozimuliwa kwa tapentaini, kimiminika chepesi kitokanacho na utomvu wa misonobari. Wengine hutia utomvu wa miti. Katika karne ya 19 wachoraji wa Uingereza waliipenda kopali, utomvu uliokauka na kuwa mgumu, na miongoni mwa kopali zilizosifika sana kwa vanishi ni sandarusi yetu, iliyochimbwa ardhini huku pwani na kusafirishwa kupitia Zanzibar. Kwenye picha, hata hivyo, kopali huzidi weusi kadiri miaka inavyopita.

Jambo la kulielewa kwanza ni namna mafuta ya kitani yanavyokauka. Hayapotei hewani kama maji ya nguo iliyoanikwa. Hunyonya oksijeni, yakaganda kuwa utando mgumu, na kazi hiyo hutoa joto. Kwenye kanvasi joto hilo hutawanyika. Kwenye vitambaa vya kufutia mafuta vilivyorundikwa halina pa kutokea. Hupanda mpaka rundo likawaka bila kiberiti. Februari 1991 vitambaa vya namna hiyo, vilivyoachwa na mafundi ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza, Philadelphia, Marekani, vilianzisha moto ulioua wazimamoto 3. Kwa hiyo ukimaliza kazi, tandaza kila kitambaa peke yake nje, au kiloweke majini ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko. Usikitupe kwenye ndoo ya taka kikiwa kimefinyangwa.

Tapentaini nayo ina hatari yake: hushika moto upesi, mvuke wake huumiza kichwa na mapafu, na ngozi huwashwa. Fungua madirisha, funika chupa, mikono ioshe kwa mafuta ya kula kisha sabuni. Vizimulishi visivyo na harufu bado hutoa mvuke, kwa hiyo pua isikudanganye.

Ukikutana na maelekezo ya zamani ya kuchemsha mafuta pamoja na oksidi ya madini ya risasi, yaache kabisa. Risasi hudhuru ubongo, hasa wa watoto, na mvuke wa sufuria hiyo hauishii chumba cha kuchorea.